Fyuzi ya Kijani

Gari lilikuwa Noah ya rangi ya fedha, na mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu wa Igamba aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake kulinunua. Alimkabidhi mpwa wake abebe abiria kati ya Mlowo na Igamba, hesabu iletwe kila jioni. Sitataja jina la mtu. Kisa hiki nimekisuka kutokana na visa vingi vya barabara hii ya kwenda Kamsamba, na fundi umeme yeyote wa Mlowo au Vwawa akikisoma atahisi gari hilo limewahi kupita mikononi mwake.

Yalianza na taa. Juni ikiingia, Mbozi yote inahangaika na kahawa, na magari ya abiria yanaanza kazi kabla hakujapambazuka. Kuna wanaowahi vibarua vya kuchuma, kuna wanaowahi basi la Tunduma au la Mbeya pale Mlowo. Saa kumi na moja alfajiri baridi inakata masikio, na siku nyingine ukungu umelala barabarani. Dereva akawa analalamika kwamba taa hazimuliki. Mwanga umekuwa wa njano, umelegea, shimo analiona akiwa ameshaingia. Akamweleza mjomba wake. Mwalimu akatoka nje, akatazama, akasema taa zinawaka zote mbili, sasa tatizo liko wapi?

Swali hilo lilistahili jibu, ila lilitupwa pale pale uani. Taa iliyokuwa ikimulika vizuri ikaanza kufifia yenyewe ina sababu yake. Inawezekana kioo kimechakaa, maana vioo vya plastiki vya magari haya hugeuka njano kwa jua. Inawezekana pia umeme unapotea njiani: betri inatoa volti 12 na ushee, balbu inapokea 10. Balbu ya halojeni haina subira na jambo hilo. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu theluthi. Na umeme huo unaoitwa umepotea haukwenda popote. Umegeuka joto mahali fulani chini ya boneti. Kwa hiyo siku dereva alipomwambia mjomba wake kwamba haoni barabara, tayari kulikuwa na kitu kinachemka ndani ya gari.

Dereva alikwenda dukani akanunua balbu za wati 100.

Hesabu yake ilionekana ya akili. Balbu iliyotoka na gari ni ya wati 55, na 60 kwenye fulu. Ya wati 100 itamulika karibu mara mbili. Ilimulika kweli, kwa siku chache. Kisha asubuhi moja taa ya kushoto ikakataa. Konda akafungua boksi la fyuzi lililo pembeni ya betri. Kifuniko chake kilishapotea zamani, kikawekwa nailoni iliyofungwa kwa mpira, na pamoja na kifuniko ilipotea ile ramani ya Kijapani inayoonyesha fyuzi gani ni ya nini na ya ampea ngapi. Akachomoa fyuzi nyekundu, waya wa ndani umekatika. Wakaweka nyekundu nyingine. Siku ya tatu nayo ikakata.

Fundi wa kando ya barabara aliyewasaidia alikuwa kijana mchangamfu, mwenye mikono myepesi na haraka nyingi. Akatazama, akacheka. "Hii ni fyuzi ya 10, bro. Inalemewa. Weka 30 usahau." Akachomeka za kijani kwa taa zote mbili. Kweli wakasahau.

Rangi za fyuzi hizi za miguu bapa zinafaa kujulikana na kila mwenye gari, kwa sababu ni zilezile kwenye Toyota, Nissan au Benzi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Kinachosahaulika ni kwamba fyuzi haikuwekwa kulinda balbu. Balbu ikiungua unanunua nyingine. Fyuzi inalinda waya, ule mwembamba uliofungwa pamoja na wenzake ndani ya fungu moja, ukapita nyuma ya dashibodi na chini ya mazulia hadi taa za nyuma. Aliyeunda gari alipima unene wa waya, akajua utabeba ampea ngapi bila kupata moto, ndipo akachagua fyuzi itakayokatika kabla waya haujaumia. Ukiongeza fyuzi bila kuongeza waya, umeugeuza waya kuwa fyuzi.

Na joto haliongezeki kwa hatua ileile ya umeme. James Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia wa huko Manchester, alipima jambo hili kwa nyaya alizozamisha majini, akachapisha matokeo mwaka 1841: umeme ukiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne, ukiongezeka mara tatu, joto ni mara tisa. Balbu ya wati 55 inavuta ampea nne na nusu hivi. Ya wati 100 inavuta zaidi ya nane. Waya uleule wa kiwandani ukabebeshwa joto zaidi ya mara tatu, na fyuzi ya kijani ilikuwa tayari kuruhusu ampea 30 zipite bila kushtuka. Ile nyekundu ilikuwa ikikata kwa sababu uzi baridi wa balbu kubwa, pale inapowashwa tu, unagugumia umeme mwingi mno kwa punje ya sekunde. Ilikuwa ikifanya kazi yake.

Wiki chache baadaye ndipo harufu ilipoanza.

"Dereva, mbona kuna kitu kinaungua?" aliuliza mama mmoja aliyekaa nyuma ya kiti cha dereva, ndoo ya maparachichi ikiwa mapajani.

"Ni breki hizo, mama. Si tumetoka kushuka mlima?"

"Breki siku hizi zinanuka plastiki, mwanangu?"

Konda akaongeza sauti ya redio.

Mama alikuwa na pua nzuri kuliko wote mle ndani. Breki zilizopata moto zina harufu kali, kavu, inayokuja ukishuka mlima na kuisha zikipoa. Oili inayodondokea ekzosi inanuka kama jikoni. Betri inayochajiwa kupita kiasi inanuka yai viza. Plastiki ya waya ina harufu yake, tamu kidogo, inayokwaruza koo, na haijali mlima wala tambarare. Inakuja ukiwasha kitu fulani na kupungua ukikizima. Kama dereva angezima taa kwa dakika tano akaona harufu inakwisha, angekuwa ameshapata nusu ya jibu bila spana. Lakini ilikuwa saa moja usiku, na asingezima taa.

Dalili ya mwisho walicheka nayo. Gari likipita kwenye matuta taa zilipepesa, moja ikazima, konda akashuka, akapiga ngumi juu ya boksi la fyuzi, zikarudi. Kifaa cha umeme kinachotengemaa kwa kupigwa ngumi kina kiungo kilicholegea, na kiungo kilicholegea chenye umeme mwingi hutoa cheche ndogo ndani kila kinapotikisika. Jioni iliyofuata, wakirudi Igamba na magunia mawili ya kahawa nyuma, moshi ukatokea kwenye tundu za hewa za dashibodi, na taa zikazimika zote.

Dereva alisimama, jambo la kheri, na akawatoa abiria upande wa majani, la kheri zaidi. Yaliyofuata ndiyo ningependa kila dereva wa njia hii ayafikirie kabla hayajamfika. Alivuta boneti akaifungua yote kwa mara moja. Plastiki iliyokuwa ikifuka moshi ikapata hewa, ikashika moto. Boneti inayotoa moshi huifungui kabisa. Unaiachia kwenye ndoano yake ya kwanza, mwanya wa vidole, na mtungi wa kuzimia moto unapuliziwa hapo mwanyani. Mtungi walikuwa nao, maana trafiki huuliza, lakini mshale wake ulikuwa umelala kwenye nyekundu siku nyingi. Ulitoa pumzi moja, basi.

Kisha akachukua spana namba 10 kwenda kufungua betri, akaanza na upande wa chanya. Spana ikagusa chuma cha bodi. Cheche iliyotoka ilimtupa nyuma, na spana ikabaki na tundu lililoyeyuka. Upande hasi ndio unaoanza kutolewa siku zote, kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa nao: spana iliyoko kwenye hasi ikigusa bodi hakuna kinachotokea, na hasi ikishatoka, chanya inakuwa haina pa kupeleka umeme. Wakati wa kurudisha unageuza, chanya kwanza, hasi mwisho. Betri ya gari dogo ikipata shoti inamwaga mamia ya ampea. Watanzania tulishafundishwa cheche ya betri inaweza nini. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na polisi walieleza kuwa moto ulizuka wakati mmoja akijaribu kuchomoa betri ya lori hilo. Walikufa zaidi ya watu 100. Huku kwetu, ambako matangi ya mafuta yanapanga foleni Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, tungepaswa kuikumbuka tarehe ile kila tunaposhika spana.

Moto wa Noah uliuawa na wanakijiji kwa makoleo ya mchanga. Hakuna aliyeumia zaidi ya dereva, aliyeungua vidole viwili. Boksi la fyuzi liliyeyuka upande mmoja, soketi ya rilei ya taa ikawa bonge jeusi, na fyuzi mbili za kijani zilikuwa nzima kabisa. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwa anayetaka kuusoma: gari limeungua na fyuzi haijakatika.

Mtu asidhani haya ni mambo ya magereji ya chini ya mti tu. Uingereza, mwaka 2015, kampuni ya Vauxhall iliita magari zaidi ya 230,000 ya aina ya Zafira B baada ya mengi kuwaka moto yakiwa na familia ndani. Kilichokuwa kikipata moto ni kifaa kidogo cha kupunguza mwendo wa feni ya hewa, chenye fyuzi yake inayokatika joto likizidi. Kampuni ilisema imekuta fyuzi hizo zimechezewa: zikikatika, mafundi walikuwa wakiziunga kwa risasi ya kulehemu, feni ikarudi kuzunguka. Lakini baadhi ya magari yaliyokwisha kurekebishwa yakawaka tena, na mwaka 2016 yakaitwa mara ya pili. Feni zenyewe zilikuwa zikiingiwa na maji, zinashika kutu, zinagoma kuzunguka, na feni iliyogoma inavuta umeme kupita kiasi. Wabunge wa kule waliilaumu kampuni kwa kuchelewa na kwa kushikilia habari ya mafundi. Mafundi walikosea, sawa. Ila kabla fundi hajaiunga ile fyuzi, kuna kilichoikata, na hicho hakikutafutwa mapema.

Mwalimu alitafuta fundi wa bei nafuu. Gari likaletewa boksi la fyuzi lililotumika, soketi nyingine, nyaya zilizoungua zikakatwa na kuungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Safari hii mwalimu mwenyewe alisimamia, akiwa na daftari. Balbu zikarudishwa za wati 55. Fyuzi zikawekwa nyekundu, za 10. Akaandika, akalipa, akaondoka ameridhika, na kweli alikuwa amefanya yote ambayo mtu mwenye busara angefanya.

Mwezi haukuisha, harufu ikarudi. Taa zikafifia vilevile kama mwanzo, na fyuzi nyekundu hazikukata hata moja. "Fyuzi ziko salama, mjomba," dereva alimwambia, "kwa hiyo si umeme."

Hilo "kwa hiyo" lilikuwa ghali. Fyuzi inahesabu kitu kimoja tu, wingi wa umeme unaopita. Shoti ikitokea, umeme unakuwa mwingi, inakata. Lakini kiungo kibovu, chenye kutu au kilicholegea, hakiongezi umeme, kinaupunguza. Balbu inavuta ampea nne badala ya nne na nusu, fyuzi ya 10 haina habari, na pale kwenye kiungo joto linajikusanya saa nzima, siku nzima, hadi plastiki inalainika. Fyuzi nzima inakwambia tu kwamba hakuna shoti. Ukiichukua kuwa cheti cha afya ya gari, umejidanganya.

Mwalimu akamtafuta mzee mmoja wa Vwawa aliyekuwa akitengeneza umeme wa malori Tunduma kwa miaka mingi. Mzee huyo hana ubao wala bango.

"Shikamoo, mzee," dereva alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Washa taa. Injini iache. Halafu kaa, tunywe chai kwanza."

Dereva alidhani ni ukarimu, lakini ilikuwa sehemu ya kazi. Mzee alitaka taa ziwake dakika 10 ili joto lijitokeze. Kikombe kilipokwisha, alipitisha mgongo wa mkono juu ya boksi la fyuzi bila kugusa, kisha akagusa kidogo kidogo: fyuzi moja moja, rilei moja moja, waya kwa waya. Rilei ya taa ilikuwa vuguvugu. "Hii ni kawaida," alisema, "koili yake inafanya kazi, lazima ijoto kidogo. Ukishindwa kuishika kwa kuhesabu hadi tano, hapo ndipo uulize." Akaitoa, akaigeuza kusoma maandishi. Alitaka kuhakikisha ni ya volti 12, kwa sababu huku mpakani spea za malori ni nyingi, na ya volti 24 inaweza kuingia kwenye soketi ileile. Ndani ya gari dogo haitashika kabisa, au itashika kwa kutetemeka, na mguso unaotetemeka unajichoma wenyewe. Ilikuwa ya 12. Akairudisha.

Sentimita chache nyuma ya soketi mkono wake ulisimama. Chini ya tepu nyeusi palikuwa pa moto.

Hakuifungua. Alichukua mita, akaiweka kwenye volti, taa zikiwa bado zinawaka. Kwenye nguzo za betri: 12.3. Kwenye miguu ya balbu ya kushoto: 9.9. Mwalimu akatoa daftari. Volti 2.4 zimeliwa njiani, na balbu inayopata hizo zilizobaki haitoi hata nusu ya mwanga wake. Sasa zimeliwa upande gani? Mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa balbu unaoleta moto: 1.8. Akahamia upande wa kurudi, hasi ya betri na mguu wa ethi: 0.6. Jumla ikatimia. Kisha akaigawa njia ya moto vipande vipande. Betri hadi pale tepu inapoanza, 0.2. Kuvuka rilei yenyewe, 0.1. Kuvuka ule msokoto wa tepu, 1.5.

"Hapo pana taa zote mbili, ampea 8 hivi," alisema. "Zidisha na 1.5."

"Wati 12," mwalimu akajibu upesi, mwanafunzi hodari.

"Umeweka nusu ya pasi ndogo ya kulehemu ndani ya tepu ya plastiki, umeifungia karibu na betri, halafu unashangaa harufu."

Dereva aliuliza kwa nini fundi wa awali hakuliona hilo, wakati naye alikuwa na mita na alipima. Mzee akamuuliza alipima nini. Alipima kwenye omu, taa zimezimwa, mita ikalia piii. Mzee hakujibu kwa maneno. Alichukua kipande cha waya wa kawaida, akamenya katikati, akakata nyuzi za shaba kwa wembe, moja baada ya nyingine, hadi ukabaki uzi mmoja. Akapima kwa omu: mita ikalia piii, waya mzima. Akaunga balbu ya taa kupitia waya huohuo. Balbu ikawaka, na dereva alipogusa ule uzi mmoja alirudisha mkono haraka, vile vidole vyake vilikuwa bado havijapona sawasawa. Mita ikiwa kwenye omu hupitisha umeme mdogo mno, ambao hata uzi mmoja unautosha. Kiungo kibovu hujulikana kikiwa kimebeba mzigo wake halisi. Kwa mambo ya joto, kipimo cha maana ni volti, kitu kikiwa kimewashwa.

Kisha mzee akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Lile soketi lililoungua mlilitupa wapi?"

Lilikuwa chini ya kiti cha konda, pamoja na ile mikia ya nyaya iliyokatwa. Mzee alilipangusa masizi kwa mswaki wa zamani, akaliweka juani. Rilei nyingi zina namba chini yake: 85 na 86 ni za koili, 30 inapokea moto kutoka betri, 87 inaupeleka kwenye taa. Kwenye soketi lile, tundu za 85 na 86 zilikuwa safi, plastiki yake ina rangi yake. Ya 87 ilikuwa imebadilika kidogo. Ya 30 ilikuwa mkaa. Akashika mkia wa waya uliotoka kwenye 30, akaukunja mbele ya mwalimu. Urefu wake wote ganda lilikuwa gumu, likapasuka alipolikunja.

"Ugumu huu wa kote ni ile balbu yenu ya wati 100 na fyuzi ya kijani. Waya mzima ulibeba zaidi ya uwezo." Akasogeza kidole hadi sentimita tatu za mwisho, ambako ganda lilikuwa limegeuka majivu. "Lakini hapa ni kitu kingine. Joto lilitoka kwenye mguu, likapanda kwenye waya. Kitu kilichoungua kote, tafuta mzigo. Kilichoungua mahali pamoja, tafuta kiungo."

Kwa ncha ya kisu akakwangua ndani ya tundu la 30. Chini ya masizi kulikuwa na kutu ya kijani, ya shaba iliyokula maji miaka. Dereva akakumbuka mashine ya presha ya kuoshea magari, ambayo konda alikuwa akiielekeza chini ya boneti kila Jumamosi ili injini ing'ae, kwenye boksi lisilo na kifuniko. Maji yanaingia, vumbi la kiangazi linayafuata, matuta yanalegeza chuma kinachobana mguu wa rilei. Hiyo kutu ilikuwapo kabla ya balbu kubwa na kabla ya fyuzi ya kijani. Ndiyo iliyofifisha taa tangu Juni.

Marekebisho yenyewe hayana hadithi ndefu. Misokoto yote ilikatwa. Waya mpya mmoja, mnene kidogo kuliko wa kiwandani, ukavutwa bila kiungo katikati kutoka kwenye fyuzi kubwa ya karibu na betri hadi soketi mpya, vichwa vyake vikabanwa kwa koleo la kubania na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Ethi ilikutwa imefungwa juu ya rangi: gari liliwahi kupigwa rangi mbele, na fundi bodi akarudisha bolti bila kukwangua. Mzee akakwangua hadi chuma cheupe, akafunga, akapaka grisi juu yake. Zile 0.6 zikawa hazionekani kwenye mita. Balbu zikapata 11.9, na za wati 55 zikamulika kuliko zile za 100 zilivyowahi kumulika. Kifuniko cha boksi kilipatikana kwenye gari lililokatwa spea, chenye maandishi yake ya Kijapani. Mzee akaandika tafsiri kwa rangi nyeupe juu yake, namba ya ampea pembeni ya kila tundu.

Fyuzi za akiba nazo alizichagua kwa uangalifu. Zipo za bei rahisi sokoni ambazo rangi yake inasema 10 na chuma chake hakikatiki hata kwa 20. Aliweka moja kwenye waya mfupi, akaipiga shoti makusudi kwenye betri ya zamani huku amevaa miwani. Waya ukafuka moshi, fyuzi ikabaki nzima. Akaitupa pakiti yote. Ningependa wenye maduka wafanye jaribio hilo mbele ya wateja, ingawa najua hawatafanya.

Walipokuwa wanafunga boneti, konda alisogea na ombi lake. Abiria wanataka kuchaji simu. Amenunua chaja ya matundu manne na anataka kuiunga kwenye waya wa redio, ni kazi ya dakika moja.

"Usiunge kwenye waya wa redio," mzee alisema. "Vuta waya wake kutoka betri. Na fyuzi yake, ya 5 inatosha, iweke huku kwenye betri, kiganja kimoja tu kutoka kwenye nguzo. Usiiweke kule kwenye chaja."

"Si ni waya uleule, mzee? Huku au kule kuna tofauti gani?"

"Ukiiweka kule, waya wote unaopita kwenye bodi kutoka huku hadi kule hauna kinga. Ukichubuka njiani ukagusa chuma, umeme unapita kabla haujaifikia fyuzi."

Konda akaitazama chaja mkononi, akauliza waya wa mita tatu unauzwa bei gani. Mwalimu akamwambia apime kwanza njia utakapopita, asije akanunua mfupi akauunga katikati.